Mkate Asubuhi, Boga Jioni

Mama mkwe wangu si mtu wa kucheka ovyo, kwa hiyo nilipomsikia anacheka jikoni peke yake nikajua kuna mtu yamemfika.

Nilikuwa chini stoo, sikio nimelitega kwenye dumu la kioo. Divai ya asali huwa naisikiliza kabla sijaionja. Ikiwa inachacha vizuri hutoa sauti ndogo, kama chungu cha maharage kilichofunikwa, na ikinyamaza kabla ya wakati wake ujue hamira imekufa kwa baridi na kazi yote imeharibika. Siku ile ilikuwa inasema vizuri. Kicheko kilipokuja tena, kifupi, cha puani, nikapanda ngazi. Nilimkuta Mama Paraska ameshika simu ya ukutani, anaitikia kwa kichwa utadhani wa upande wa pili anamwona.

Alikuwa Oryna wa posta, ambaye barua zetu huwa anazijua kabla yetu. Habari yake ilikuwa kwamba Steinar, mfuga nyuki wetu, anapakia nyuki. Mizinga yote themanini na miwili iko kwenye lori, na leo leo mchana anaipeleka jimbo la British Columbia kwa shemeji yake, kule ambako baridi haiui nyuki. Wafugaji wengi wa huku hufanya hivyo, huenda Oktoba na kurudi Mei. Ila Steinar harudi. Shemeji amempa ubia, na nyumba yake hapa inauzwa.

Nilifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu.

"Kwa hiyo boga limefika," Mama Paraska akasema, akakaa kumenya viazi.

"Boga gani?"

"Lile ulilompa siku ya kuchuma."

Hapo lazima niseme kidogo mimi ni nani, maana mtu anaweza kunidhania mwerevu. Naitwa Olesia Demchyshyn. Nina miaka arobaini na mitatu, na huu ni mwaka wa nne mimi ni mjane. Mume wangu Taras alikuwa na wazimu mmoja tu, nao ulikuwa kupanda zabibu katika jimbo hili la Manitoba. Huku watu wanapanda ngano na mbegu za mafuta, upepo hauna kitu cha kuuzuia, na majira ya baridi yakija unaweza kupasuka meno kwa kupiga miayo nje. Taras akapanda mizabibu mia sita. Kila Oktoba tunailaza chini kama wagonjwa, tunaifunika mabua makavu, na Mei tunaiinua. Watu walicheka miaka miwili, mwaka wa tatu wakaja na glasi. Mwaka wa saba Taras alianguka katikati ya mistari miwili akiwa ameshika mkasi wa kupogolea. Moyo. Tangu hapo tukabaki wawili, mimi na mama yake, na kila kinachoweza kuchacha tunakitia kwenye pipa: zabibu, rasiberi, matunda ya porini yanayokausha ulimi, hata vikonyo vya rubarbi. Na asali ya Steinar.

Steinar ana mizinga, na kila kiangazi ishirini kati yake inakaa kando ya rasiberi zangu. Ndiyo sababu alikuwa akija. Jumanne na Ijumaa. Nyuki hawahitaji kutazamwa mara mbili kwa wiki, nami nilikuwa najua hivyo, nikajifanya sijui. Siku akija nilikuwa nabadili blauzi. Asipokuja, nilikuwa nakaa dirishani nikitazama barabara. Nchi hii ni tambarare kiasi kwamba vumbi la gari unaliona kilomita kumi kabla, na unapata muda mrefu sana wa kutambua kwamba haliji kwako.

Sasa hilo boga. Siku ya kuchuma, wiki mbili zilizopita, majirani walikuja kama kila mwaka ili tuziwahi zabibu kabla ya jalidi. Hawalipwi. Wanakula, wanapewa chupa, na jioni kila mtu anaondoka na kitu kutoka bustanini. Familia ya Wasyl nikawapa vitunguu. Mwalimu wa kwaya, kabichi. Steinar nikampa boga, kubwa kuliko yote, kwa sababu nilikumbuka aliwahi kusifu supu ya boga.

"Na asubuhi ile alikuja na nini?" Mama Paraska akauliza bila kuinua macho kwenye viazi.

"Mkate."

"Mkate gani?"

"Wa unga wa rai, ule mweusi. Mkubwa. Ulifungwa kwenye kitambaa kilichotariziwa."

"Ukaufanya nini?"

"Nikaukata. Watu walikuwa na njaa."

Akaweka kisu chini. "Mwanamume kaja kuchuma zabibu na shati jeupe la pasi. Nani anachuma zabibu na shati jeupe?"

Nilikaa. Kwetu sisi Waukraini, na hili kila mtoto wa kanisani analijua, mwanamume anayeposa huja na mkate. Ukikubali, unaukata mbele ya watu. Ukikataa husemi neno baya, maana neno baya halisahauliki. Unampa boga, analibeba nyumbani kwake, na barabara nzima inajua. Siku hizi ni hadithi ya kuchekea kwenye harusi. Lakini Steinar si Mukraini, ni wa Waaislandi wa kule ziwani, na kwao boga si hadithi. Kaka yake Gunnar aliposa msichana wa Kiukraini miaka thelathini na mitano iliyopita, akarudi na boga juu ya trekta, watoto wanamfuata wakiimba. Akahamia mbali na hajakanyaga tena hapa. Kama kuna mtu katika wilaya hii anayejua uzito wa boga, ni wa nyumba ile.

Nikakumbuka na la Septemba. Tulikuwa tunakinga asali, akasema mwaka huu asingependa kwenda mbali, angependa mizinga ilale ghalani kwangu baridi yote. Nikamjibu kwamba paa la ghala linavuja. Mungu wangu. Mtu ananiambia ya moyoni, mimi namweleza habari za mabati.

"Ulijua," nikamwambia Mama Paraska.

"Nina macho."

"Na ukaniacha nimpelekee boga mpaka kwenye gari."

"Ningelizuiaje? Wewe ndiye uliyelibeba. Mimi mgongo unaniuma."

Nilichukua koti na ufunguo. Alinisubiri nifike mlangoni, maana huwa anajua mahali pa kumkamata mtu.

"Unakwenda kumwambia nini?"

"Kwamba nilikosea."

"Ulikosea boga, au ulikosea mkate?"

Akaendelea kwa sauti ya chini, si ya ugomvi, na ingekuwa ya ugomvi ningeiweza. Alisema mizabibu ile Taras aliipanda kwa mikono yake. Alisema kitanda kile ni cha Taras. Alisema yeye ana miaka sabini na tisa, mtoto alikuwa na mmoja, na hana pengine pa kwenda.

"Najua, mama," nikasema, nikatoka.

Kwa Steinar ni kilomita nane, zote zimenyooka. Mashamba yalikuwa yamevunwa, mabua tu, na mbingu imekaa chini. Njia nzima nilifanya mazoezi ya maneno. Nilisema kwa sauti, peke yangu garini, maneno ambayo sikuwahi kumwambia hata Taras, kwa sababu Taras alinioa nikiwa na miaka ishirini na miwili na wakati ule hatukuhitaji kusema. Nilipoliona lori nikasahau yote.

Mizinga ilikuwa imepangwa juu ya lori ghorofa tatu, imefunikwa wavu, naye anazunguka akikaza mikanda. Ni mtu mrefu, mabega yameinama kidogo kwa kuzoea kuongea na wadudu. Aliponiona hakusimama kwanza. Alimaliza mkanda aliokuwa ameushika, akaujaribu kwa mkono, ndipo akaja.

"Madumu yako ya asali yako pale kando," alisema. "Nimeyaosha."

"Sikuja kwa madumu."

Akatazama kibarazani, nami nikatazama alipotazama. Boga lilikuwa juu ya kiti, peke yake, kama mgeni ambaye hakukaribishwa ndani.

"Sikuweza kulila," akasema. "Kulitupa nikashindwa."

"Lilikuwa la supu, Steinar."

"La supu."

"Ulisema unapenda supu ya boga. Ulisema mwaka juzi, siku ya mazishi ya mzee Hryhor, ukaongeza bakuli mara mbili. Sikuwa na maana nyingine. Mungu ni shahidi, sikujua kwamba umeposa."

Alinitazama kwa muda, akitafuta kama kuna uongo. Halafu akakaa kwenye ngazi ya lori.

"Nilivaa shati jeupe," akasema.

"Nililiona. Nilifikiri unatoka kanisani."

"Ilikuwa Alhamisi."

Nikaanza kucheka, sikuweza kujizuia. Akasema kwa upole, akitazama glavu zake, kwamba asubuhi ile nilipotia kisu kwenye mkate mbele ya watu wote alikosa pumzi. Mistari minne ya zabibu aliichuma bila kujua anachuma nini, mpaka majani akatia kwenye ndoo.

"Asubuhi umenikatia mkate," akasema. "Jioni umeniletea boga. Tena umelifunga mkanda wa kiti ili lisianguke. Nikasema, huyu mwanamke ana roho ya namna gani?"

Hapo na yeye akacheka. Tulicheka wote wawili pale uani, nyuki wa mizinga themanini na miwili wakivuma chini ya wavu, na kwa dakika ile moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Manitoba. Nakumbuka nilikuwa namtazama shingo. Alikuwa na alama ya kuumwa na nyuki, nyekundu, karibu na ukosi, na mkono wangu ulitaka kwenda pale wenyewe.

Kicheko kikaisha. Kilipoisha tukagundua kwamba swali bado lipo.

Akasimama. Alivua glavu moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya tairi.

"Basi tuache mikate na maboga," alisema. "Nakuuliza kwa mdomo wangu, na unaelewa ninachouliza. Nakupenda, Olesia. Nimekupenda tangu kiangazi cha pili baada ya Taras, nikangoja, maana ulikuwa bado unalia. Ukiniambia nibaki, nafungua mikanda hii sasa hivi, paa la ghala nitaliziba mwenyewe. Unanitaka?"

Nilimtaka. Naandika hapa wazi, kwa sababu pale sikusema. Nilimtaka na uzee wake mdogo unaoanza, na harufu yake ya moshi na nta, na Jumanne zake na Ijumaa zake. Mdomo ukafunguka, na lililotoka likawa jingine.

"Mama Paraska," nikasema.

"Sijakuomba umwache. Nitakaa naye."

"Hawezi. Ni nyumba ya mwanawe. Kila mzabibu pale ni wa Taras."

"Najua ni wa nani. Nilimsaidia kuchimba mashimo."

"Hatakubali, Steinar. Itamuua."

"Umemuuliza?"

"Kitu kama hicho hakiulizwi."

Alitikisa kichwa polepole. "Mimi nimekuuliza wewe," akasema.

Akangoja. Watu wengi wakingoja jibu huwa wanatazama saa, au wanakohoa, au wanarudia swali. Yeye alisimama tu, mikono wazi, upepo unampeperusha nywele ambazo zimeanza kuwa chache. Alinipa muda wa kutosha kabisa. Ningeweza kusema neno lile mara ishirini. Niliwaza chakula cha mchana cha Jumapili, mimi na yeye na Mama Paraska mezani, na yule mama anatazama kiti cha mwanawe kimekaliwa. Niliwaza sauti yake ya chini, ile isiyo ya ugomvi. Nikatazama viatu vyangu.

"Mara ya kwanza hukujua," akasema mwishowe. "Mara hii unajua."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisogea karibu mpaka nikausikia moshi kwenye koti lake. Nikadhani atanibusu, nikafumba macho kama msichana. Alinifunga kifungo cha juu cha koti, kile nisichokifunga kamwe, na vidole vyake vikakaa pale chini ya kidevu changu kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akachukua glavu zake.

Lori lilitoka uani taratibu, kwa sababu nyuki hawapendi kutikiswa. Liliingia barabarani, likageuka magharibi. Nimeshasema nchi hii ni tambarare. Niliweza kuliona linapungua kwa muda mrefu sana, na kila dakika ningeweza kuingia garini nikalifuata, lingekuwa bado pale mbele, linaonekana. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba yake tupu. Nilijiambia nimefanya jambo la heshima. Nilijiambia kuna mzee anayenihitaji, na mtu mwenye utu hamwachi mzee. Nilijisifu sana pale kwenye ngazi, mpaka miguu ikafa ganzi kwa baridi na jua likawa limeshaegemea.

Niliporudi nyumbani taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Kulikuwa na harufu ya kabichi zilizokunjwa na wali ndani, chakula ambacho Mama Paraska hukipika Krismasi na siku ya mtakatifu mwenye jina la mtu, si siku ya kawaida, maana kinamsimamisha kwa muda wa saa tatu na mgongo wake haumruhusu. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kichwani cha maua, kile cha kanisani. Nilivua viatu, nikaning'iniza koti, nikageukia meza.

Kulikuwa na sahani tatu.

Alinitazama, kisha akatazama mlango nyuma yangu, akasubiri kidogo ufunguke.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Amekwenda."

"Hukumwahi?"

"Nilimwahi."

Hakuelewa mara moja. Niliona alivyokuwa anaelewa, sehemu kwa sehemu, na mkono wake ukashika ukingo wa meza.

"Akakuuliza?"

"Akaniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nilikutaja wewe, mama."

Mama Paraska alikaa kitini kwa shida, kama anavyokaa siku hizi, akishikilia kwanza mgongo kisha goti. Kwa muda mrefu alikuwa anaisawazisha ile sahani ya tatu, akiisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia.

"Mimi ni mama wa Taras," alisema. "Ilikuwa lazima niseme nilichosema asubuhi. Nani mwingine atamsemea? Nilikuwa nimeshasema, nimemaliza, nikaanza kupika." Akavuta pumzi. "Ningekuchukia mwaka mmoja, Olesia. Mwaka wa pili ningezoea. Hivi sasa tutakaa hapa sisi wawili, na nani atamzoea nani?"

Nilikwenda kwenye simu. Steinar hajawahi kuwa na simu ya mkononi, anasema nyuki wanamtosha kwa kelele, na saa ile alikuwa ameshavuka mpaka wa Saskatchewan, jimbo la jirani. Nilipiga namba ya nyumbani kwake, ya ile nyumba niliyotoka kuiacha tupu sasa hivi. Ikaita. Sikuikata. Niliisimamia pale ukutani, chakula kinapoa nyuma yangu, nikaiacha iite, na kila ilipoita nikasema ndiyo.